Kutafuta Nyumba Likasi

Wengi mmeniuliza kwa nini tulihama Lubumbashi. Ni kodi ya nyumba, na watoto. Kule tulikuwa tunalipia vyumba viwili tu, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa anavuka barabara mbili kubwa kila asubuhi akienda masomo. Likasi ni kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, kwa njia ile ile ya Kolwezi. Ukitoka mapema, kabla ya saa sita umekwisha kufika, kama malori ya shaba hayakufunga barabara.

Mji unakaa kati ya vilima. Wazee wengine bado wanauita Jadotville. Una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Panda na Shituru zilikua pamoja na viwanda vya shaba, na nyumba nyingi za matofali huko zilijengwa kwa wafanyakazi wa Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Kikula ina soko, watu na kelele. Mume wangu alitaka Panda kwa sababu ya utulivu. Mimi nilitaka Kikula, maana siwezi kwenda mbali kutafuta sombe nikitoka darasani jioni.

Umeme unakatika hapa pia, na mwezi wa sita na wa saba baridi inauma kweli. Lakini watoto wanatembea kwa miguu. Mdogo wangu alipopotea wiki ya pili, mama nisiyemjua alimshika mkono akamleta mpaka mlangoni, akanisalimu kwa jina la mtoto. Siku hiyo nilimwambia baba yao: tununue hapa.

Tukapata nyumba nzuri ya vyumba vitatu, na mwembe uani. Bei ilikuwa chini kuliko zote. Muuzaji alituonyesha karatasi ya kartie, tukampa arubuni ya dola 300, pesa yangu ya likelemba. Kesho yake nilirudi peke yangu kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Nikakuta mama anafua nguo uani, watoto wanne wamemzunguka. Aliniuliza: “Mama, wewe ndiye utakayetutoa?” Muuzaji alikuwa shemeji yake. Mwenye nyumba alikuwa marehemu mume wake.

Nilikaa kwenye kiti alichonipa, sikuwa na neno.

Nimesoma ualimu, si sheria, lakini mambo haya nimeyauliza vizuri tangu siku ile. Sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunanunua nyumba na haki ya kutumia kiwanja, na haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement inayotoka kwa conservateur, si karatasi ya kartie. Katika urithi, sheria ya familia inaweka watoto wa marehemu mbele ya ndugu zake. Na tangu marekebisho ya 2016, mama aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili kutia sahihi. Wengi wetu bado tunaambiwa kinyume, hata na watu wa ofisi.

Mume wangu alikasirika kwanza. Alisema tungelipa haraka, mambo ya familia yao wangemaliza wenyewe. Tulinyamaziana siku mbili. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa muuzaji, akarudi na dola 180. Zingine hatujaziona mpaka leo.

Sasa tunanunua Kikula, nyumba ndogo, bila dari, choo kiko nje. Kabla ya kulipa chochote nilipita kwa majirani wote wa avenue, nyumba kwa nyumba, nikiuliza nani analala mule na nani alijenga. Faili imeingia kwa conservateur na majina yetu mawili.

Yule mama bado yuko chini ya mwembe wake. Watoto wake wawili wakubwa wanakuja kwangu jumatano jioni kwa hesabu, na mwezi wa 11 walileta ndoo ya maembe.