Kompyuta Ikiganda, Tulia Kwanza

Wasee, leo niacheni nikiri makosa. Miezi minne nimekuwa nikilaumu stima ya hapa Kibugu bure.

Kompyuta yangu ya kuhariri video ina diski mbili kubwa, na Linux inaziunganisha kwa programu inaitwa mdadm. Mtindo wake ni RAID 1: kila unachohifadhi kinaandikwa kwenye diski zote mbili, ndio moja ikifa nyingine ibaki nacho. Humo ndimo nimeweka saa sita za cucu akisimulia maisha yake kwa Kiembu. Cucu tulimzika mwaka jana. Hizo saa sita hakuna wa kuzirudia.

Sasa, kila mwanzo wa mwezi, nikikesha Jumamosi kumaliza video ya harusi ya mtu, mashine inaganda. Kishale kinatembea lakini hakuna faili inafunguka. Mimi nafinya kitufe, nazima, nawasha, naendelea. Baba akipita anauliza tu, "Hii ndiyo uliachia chuo?"

Mwezi huu nilichoka, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Kurudi, imeamka yenyewe! Nikasoma dmesg, pale Linux huandika shida zake. Kumbe Debian hukagua diski hizi Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, karibu saa saba usiku, ikizisoma zote mwanzo hadi mwisho. Ikigonga sehemu mbovu, diski za bei ya kawaida hung'ang'ana kuisoma, hata zaidi ya dakika moja. Linux husubiri sekunde 30, ikikosa jibu inaanza kuamsha diski upya. Wakati huo wote, kila programu inayotaka faili inangoja.

Yaani ukaguzi ulikuwa unatafuta diski mgonjwa, na mimi kila mwezi naukatiza.

Nikaangalia /proc/mdstat: [U_]. Diski moja ilishatolewa. Niliyobaki nayo nilinunua siku ile ile, mtumba, duka lile lile. Kwa hivyo sikukimbilia kuweka mpya. Kujaza diski mpya ni kusoma ile iliyobaki yote, na ikifia hapo, cucu ameenda mara ya pili. Kwanza nilinakili video zake kwenye diski ya nje, sikubanduka hapo. Ndipo nikaongeza mpya, na kwa smartctl nikaambia diski zisihangaike na sehemu mbovu zaidi ya sekunde 7. Kama yako inakataa hiyo amri, ongeza muda wa Linux kusubiri ufike sekunde 180.

Maoni yangu ni haya: diski pacha si nakala ya akiba. Ukifuta faili, imefutika kwa zote mbili. Na mashine ikiganda, toa mkono kwa kitufe. Subiri dakika kadhaa, kisha soma imeandika nini.

Baba nimemwekea cucu kwenye simu yake. Mambo ya chuo hajauliza tena, angalau wiki hii.

Na wewe, sauti ya mtu wako iko mahali pangapi?