Siku ya Mapumziko Wanging'ombe

Jumamosi ilikuwa siku ya mapumziko. Kwa muda wa siku tano kikundi cha waumini kutoka Marekani, wakiwamo wauguzi, mafundi seremala na mwalimu mmoja mstaafu, kilikuwa kimeshirikiana na wananchi kukarabati zahanati ya kijiji kimoja wilayani Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe. Mwandishi wenu alikuwa pamoja nao. Ijumaa jioni wageni hao walitoa ombi moja tu: kabla hawajarudi kwao, wapelekwe wakaone wanyama.

Tulianza safari Makambako alfajiri. Huo ndio mji ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, hukutana na barabara kuu iendayo Mbeya hadi Zambia, na ambapo barabara ya Njombe na Songea huchepuka kuelekea kusini. Baridi ilikuwa kali, na kila mtu alijikunyata ndani ya koti lake. Gari lilipoteremka kuelekea magharibi, baridi ikatuacha taratibu. Ulikuwa mwezi wa Septemba. Mahindi na alizeti vilikwisha kuvunwa, na mabua makavu yalitanda pande zote mbili za barabara.

Wageni walikaa tayari na kamera zao. Tuliona ng'ombe, mbuzi, watoto waliotupungia mikono, na kundi la nyani lililovuka barabara bila haraka, kana kwamba ndilo lenye zamu ya kukagua magari. Hatimaye yule mwalimu mstaafu, kwa Kiswahili alichojifunza vitabuni, akauliza, "Tembo wako wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Tuliiacha barabara kuu, tukaielekea milima ya Kipengere, ambako kuna Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere, lililotangazwa mwaka 2002. Baada ya mwendo wa miguu tulianza kusikia ngurumo, kisha tukayaona maporomoko ya mto Kimani. Maji yalianguka kutoka mwambani yakiwa meupe kama pamba, na manyunyu yake yakatulowesha tulipokuwa tumesimama mbali. Tembo hatukumwona. Wageni walipiga picha za maji, lakini nyuso zao zilionyesha kwamba si hayo waliyoyafuata.

Wakati wa kurudi tulipumzika katika kijiji kimoja kando ya kijito. Mzee mmoja wa Kibena alitupokea kwa salamu ya "Kamwene", akatukaribisha kivulini. Nilimweleza kwamba wageni wake wamekosa tembo.

Mzee akacheka. "Tembo wako Ruaha," alisema. "Lakini maji wanayokunywa yanatoka huku. Waambie wageni wako wameona kisima, hawakuwaona wanywaji."

Kisha akatuonyesha kipande cha ardhi chenye majani marefu ukingoni mwa kijito. Hapo palikuwa na kinyungu chake, yaani bustani ya bondeni ambayo watu wa nyanda hizi huilima wakati wa kiangazi, wakapata mahindi mabichi na maharage wakati mashamba mengine yamekauka. "Kinyungu hicho kimesomesha watoto wangu wanne," alisema. "Tulipoelezwa kwamba sheria yataka tukae mita 60 kutoka ukingo wa maji, nilikasirika sana. Sasa nalima huku juu, na mavuno yamepungua."

"Mbona basi ulikubali, mzee?" niliuliza.

"Mwanangu, nilikwenda Usangu kumtazama dada yangu. Niliwakuta watu wanafukua mchanga wa mto kutafuta maji ya kunywa. Nikajua kwamba kichwa cha mto ni huku kwetu."

Maneno ya mzee huyo ni ya kweli. Mto Kimani, pamoja na mito mingine ya milima hii, huingia katika bonde la Usangu, na huko hukutana na Ruaha Mkuu. Mto huo hupita katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha huendelea ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, penye tembo na viboko. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, kwa sababu maji mengi huchukuliwa na mashamba ya mpunga, mifugo huzidi, na vyanzo huharibiwa. Viboko hubaki wamesongamana katika madimbwi ya tope. Maji yanayosalimika huendelea hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kisha hujiunga na Rufiji.

Kwa hiyo mfanyakazi wa Dar es Salaam awashapo taa jioni, naye ni mmoja wa wanywaji wa kisima hicho. Mzee wa Wanging'ombe ameacha bustani yake kwa ajili ya watu asiowajua. Si haki aubebe mzigo huo peke yake. Anahitaji mbegu bora, miche ya matunda na njia ya kumwagilia shamba lake la juu, ili asishawishike kurudi bondeni.

Tulipoagana, yule mwalimu aliinama kijitoni, akachota maji kwa viganja, akanawa uso. Mzee alinishika mkono, akaniuliza, "Huko mjini wanajua habari hizi?"

Nilimwahidi kwamba nitawaambia.