Mizinga Iliyotembea kwa Miguu ya Watu

Pale Mikumi mbung'o aliniwahi kwenye kiti. Kabla gari la Kilosa halijaondoka alikwishaniuma shingoni. "Pole kaka, huyo katoka hifadhini," konda akasema, akaendelea kupokea nauli. Nilimuua kwa kofia. Nusu ya kisa kilichonileta huku ni ya mdudu huyo.

Nusu ya pili inaanzia Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, ilijificha kwenye delta, ikazingirwa kwa miezi, na Julai 11, 1915 ikapigwa hadi wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10, ya milimita 105, ikaopolewa na kupelekwa Dar es Salaam. Bahari ilikuwa imefungwa na ilikuwa vigumu kuagiza kitu Ujerumani, kwa hiyo karakana ya reli ikaitengenezea magari ya magurudumu. Mzinga wa sitahani ukawa wa porini.

Miaka 15 kabla ya hapo, mji wa Kimberley, Afrika Kusini, ukiwa umezingirwa na Makaburu, George Labram, mhandisi wa mgodi wa almasi, aliunda mzinga mzima katika karakana ya mgodi. Kombora la Makaburu likamuua siku chache kabla mji haujakombolewa. Wapenda historia ya vita wanamsifu sana, na anastahili. Lakini mzinga wake ulikaa mjini. Hii ya Rufiji ilibidi isafiri.

Tukapita Ulaya (ndiyo, kati ya Mikumi na Kilosa kuna Ulaya), barabara ikipanda na kushuka. Agosti 1916 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita hapa vikielekea kusini: jeshi la Jenerali Jaap van Deventer, wa upande wa Waingereza, liliteremka na bonde la Mkondoa, likaingia Kilosa tarehe 22, kisha likawasukuma Wajerumani kuelekea Kidodi na Mahenge. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa ovyo kwa nagana, ugonjwa wa mbung'o. Mnyama akifa, kamba inashikwa na mtu. Mzinga mmoja wa Königsberg ulihitaji mamia ya wapagazi, na kila kombora lilikuwa mzigo wa kichwani.

Leo baadhi ya mizinga hiyo inatunzwa vizuri: mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine mbele ya Union Buildings, Pretoria. Kilosa sikuona hata kibao.

Karibu na stesheni ya zamani nilimkuta mzee akiuza ndizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza kuhusu mizinga ya Mjerumani.

"Ya mizinga siijui. Babu alichukuliwa na Mjerumani akabebe. Akatoroka. Mwingereza naye akamkuta kijijini, akambebesha ya kwake."

"Alibeba nini?"

"Nani wa kumwambia? Sanduku tu. Utachukua kichane kimoja au viwili?"