Nusu kwa Nusu

Nilikuwa na miaka tisa shangazi aliposema mimi si wa kwao. Alisema akicheka, ndiyo maana hakuna aliyemkanya. Tulikuwa tumesafiri kutoka Nairobi hadi Bomet, na kogo alikuwa amenipa kikombe cha maziwa freshi, moto, yenye povu juu. Nikamaliza yote kwa adabu. Saa moja baadaye nilikuwa nimejikunja ndani ya choo cha nje, tumbo likinguruma kama mat ya Rongai.

"Mtoto wa Kipsigis hashindwi na maziwa," shangazi akasema. "Hebu tumuulize mama yake vizuri."

Mama ni Mgiriama wa Kilifi. Kwao, ukiitisha kitu cheupe cha kupikia, unapewa tui la nazi. Hakujibu chochote. Tukirudi, hakufungua mdomo mpaka tukapita Narok, na mimi nikadhani amekasirikia tumbo langu.

Ule mzaha niliuelewa nikiwa chuo, na nilipouelewa ulinichoma. Kila Desemba ulikuwa unarudi, hata baada ya mimi kuanza kusema sitaki chai, nipeni ya rangi. Baba akicheka. Mama akitoka nje kuangalia nguo kwenye kamba.

Basi nikaanza kusoma. Kila mtoto mchanga huwa na laktasi, kimeng'enya kinachoikata sukari ya maziwa, laktosi, ili mwili uweze kuifyonza. Baada ya kuachishwa ziwa, miili ya watu wengi hupunguza kuitengeneza. Ni kama theluthi mbili ya watu wazima duniani. Ile laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, maji yanaifuata, bakteria wanaifanyia sherehe, gesi inajaa. Zingine unazijua. Kumbe mimi ndiye wa kawaida! Ni shangazi aliye na badiliko la jeni. Siku hiyo nilitembea hosteli nzima nikitabasamu.

Mwaka wa 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walipata mabadiliko matatu yanayoifanya laktasi iendelee hadi utu uzima, na yote ni tofauti na lile lililojulikana Ulaya. Yaani wafugaji wa huku walifika kivyao. Lile lililoenea zaidi Kenya na Tanzania ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika, na walilikadiria kuwa na miaka kati ya 2,700 na 6,800. Kwa mageuzi ya binadamu, hiyo ni juzi.

Lakini kilichonishika ni Lukenya. Ukipita Athi River ni kile kilima cha mawe ambacho watu huenda kukwea wikendi. Mwaka wa 2021 watafiti walitangaza kwamba wamechunguza ukoga ulioganda kwenye meno ya watu wa kale, na kwenye meno ya mtu aliyezikwa Lukenya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita wakapata protini za maziwa. Ajabu ni kwamba, kati ya wafugaji wa kale wa eneo hili ambao DNA yao imesomwa, karibu wote hawakuwa na lile badiliko. Walikuwa wanakunywa tu. Pengine waliyagandisha kwanza, kama kogo anavyofanya: maziwa yanachemshwa, yanapoa, yanaingia kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa senetwet, yanakaa siku kadhaa. Humo bakteria wanakula sehemu ya laktosi kabla yako.

Halafu kuna hesabu. Badiliko hili, nakala moja inatosha. Baba anaweza kumaliza jagi zima akiwa na nakala moja pekee, na kama ni hivyo, mimi nilikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, kama shilingi iliyorushwa juu. Kuikosa hakusemi lolote kuhusu nani alilala wapi.

Nilimweleza mama akiwa ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi. Alisikiza bila kuinua kichwa.

"Kwa hivyo hao miaka yote wanacheka shilingi," akasema. Akaendelea kukuna, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Desemba iliyopita niliitisha mursik mwenyewe. Kogo alimimina polepole, kijivu, na zile chembe ndogo za mkaa. Ilikuwa chachu mpaka masikio. Nikaweka simu mezani nikaanza kuhesabu: nusu saa, saa moja, saa mbili. Kimya. Tumbo limelala kama mtoto.

Shangazi akaniangalia, akaangalia kikombe kitupu. "Leo imekuwaje? Umekuwa wetu?"

Baba alikuwa ameanza kucheka. Mama akarudisha kikombe chake cha chai mezani.

"Mwambie," akaniambia. "Mwambie ile ya shilingi. Na baba yako asikie."