Chanikiwiti ya Pujini

Waarabu waliiita Pemba kisiwa cha kijani, na jina hilo limemtia mtegoni mchoraji zaidi ya mmoja. Afikapo Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, hufungua kopo la kijani na kulimaliza lote ubaoni. Picha huwa ukuta. Jicho halina pa kupita.

Kosa si la mkono, ni la macho. Saa moja asubuhi jua hupenya ubavuni mwa mikarafuu, na majani machanga huonekana mekundu kama shaba. Shina la mnazi hurudisha mwanga wa kijivu. Kivuli cha mwembe huelekea zambarau kuliko weusi. Saa sita mwangaza hushuka wima, rangi hufifia, na mwenye busara huweka brashi chini.

Lugha yenyewe yalijua jambo hili. Kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa. Chanikiwiti nayo, neno ambalo vijana wengi wameliacha (hasara iliyoje!), ndani yake mna jani bichi. Jani moja, basi, wala si msitu. Hata tumba la karafuu halitulii katika rangi moja: huanza kijani, hupiga wekundu likaribiapo kuchumwa, na juani juu ya jamvi likawa kahawia iliyokolea.

Tena mikarafuu hiyo ni migeni. Ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Pemba ikatangulia baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha ile ya Unguja. Mkama Ndume, ambaye simulizi humtaja kuwa mtawala katili wa ngome ya Pujini, hakuuona hata mmoja. Kumchora chini ya mkarafuu ni uongo, ingawa mzuri.

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa, aliukwepa mtego kwa kuacha kivuli: mnyama wake husimama mbele ya rangi tupu. Njia hiyo ni halali, ila Pujini haiikubali. Humo kivuli ndicho kionyeshacho ngome. Matuta ya udongo yaliyoizunguka yameliwa na mvua na kufunikwa na majani. Adhuhuri mpita njia huyapanda bila kujua. Jua la alasiri likilala, kila tuta hutupa mstari mweusi, na umbo la boma zima hujitokeza kati ya miti kwa muda mfupi. Asiyengoja saa hiyo hurudi Chake Chake na picha ya majani.