Nilimwambia atie sahihi



Dada yangu ameniruhusu niandike habari hii, na mtoto wake pia. Waliomba tu nisitaje majina. Nimekubali, maana mwenye kuona haya ndani yake ni mimi, mwalimu wa familia.

Ilikuwa mwaka 2019. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 19, anabeba na kupanga mizigo katika depo moja ya unga hapa Goma. Jumatatu asubuhi tajiri wake alikuta dola 300 hazipo katika sanduku la pesa. Akaita polisi, kijana akapelekwa kasho. Siku tatu dada yangu alipeleka chakula: kinapokelewa mlangoni, yeye anarudishwa. Alhamisi akanipigia simu: "Twende wote. Wewe unajua Kifaransa."

Tulimkuta ameketishwa kwenye benchi. Mikono ilikuwa na alama za kamba, na aliposimama alitembea kama mtu anayekanyaga mawe ya volkano bila viatu. OPJ akatuambia kwa upole kabisa kwamba mambo yamekwisha: kijana amekubali kosa, PV imeandikwa, imebaki sahihi tu. Akitia sahihi, tutapatana na tajiri juu ya kulipa, na mtoto atarudi nyumbani. Kijana akaniangalia. "Mama mdogo, si mimi."

Nikamjibu: "Tia sahihi, baba, twende nyumbani."

Karatasi ilikuwa mbele yangu, kurasa mbili za Kifaransa. Sikuisoma. Niliogopa kuonekana mwanamke anayebishana na serikali, na nilikuwa na haraka ya kurudi darasani. Kijana huyo, aliyeacha masomo mwaka wa pili wa sekondari, akaandika jina lake chini ya maneno yanayofunga PV: "lecture faite, persiste et signe". Maana yake: amesomewa, anashikilia aliyosema, anatia sahihi. Hakuna mtu aliyekuwa amemsomea.

Hakurudi nyumbani. Alipelekwa parke pamoja na karatasi ile, kisha gerezani, na huko alikaa karibu miezi minne.

Tulipompata avoka wa kutusaidia bila malipo, nilimwambia nikilia kwamba nimemwangamiza mtoto, kwa sababu ameisha kukubali. Akaniuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza mimi siku ile. Alikamatwa siku gani? PV ni ya siku gani? Aliulizwa kwa lugha gani? Nani alimsomea? Je, pesa zilipatikana kwake? Kuna aliyemwona akizichukua?

Ndipo nikaanza kuelewa. Kwetu Kongo, aliyoyasema mtu mbele ya polisi yanaweza kusomwa mahakamani. Lakini hakimu hafungwi nayo. Anayapima pamoja na mambo mengine yote: yalisemwa kwa hiari? Yanapatana na mashahidi na vitu vilivyopatikana? Mtu anaweza kuyakana mbele ya mwendesha mashtaka wa parke, na anaweza kuyakana tena mbele ya hakimu. Na yaliyotolewa kwa mateso hayafai kuwa ushahidi kabisa. Hivyo ndivyo inavyosema Mapatano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso, kifungu cha 15, na nchi yetu iliingia katika mapatano hayo mwaka 1996. Pahali pekee ambapo maneno hayo yanaweza kutumika ni katika kumshtaki yule aliyetesa.

Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema mengi katika kurasa chache. Kifungu cha 16 kinakataza kumtendea mtu kwa ukatili au kwa kumvunjia heshima. Cha 17 kinasema kila mshtakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, apate mara moja kuwasiliana na familia yake au avoka wake, na asishikwe na polisi zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe au apelekwe mbele ya wenye sheria. Cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi tangu uchunguzi wa polisi. Tena sheria ya tarehe 9 Julai 2011 imefanya mateso kuwa kosa la jinai, kifungo cha miaka 5 hadi 10, na zaidi kama aliyeteswa ni mwanamke mwenye mimba au mtoto.

Nchi nyingine zimefunga mlango huu kwa nguvu zaidi. Kule Kenya, maneno ya kukubali kosa hayapokelewi mahakamani isipokuwa yametolewa mbele ya hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si yeye anayechunguza kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Nilipoisikia habari ya mtu wa tatu nilinyamaza. Siku ile mimi nilikuwa pale, nimesimama karibu naye, na sikumfaa kitu.

Mbele ya hakimu, avoka alianza na tarehe: kukamatwa Jumatatu, PV Alhamisi. Saa 48 zilikuwa zimepita zamani. Juu ya alama za kamba hatukuwa na kitu cha kuonyesha. Zilikuwa zimepona, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwomba daktari karatasi. Kisha akasoma PV yenyewe. Iliandikwa kwamba kijana alichukua pesa Jumamosi saa tisa alasiri. Jumamosi hiyo, saa hiyo, kijana alikuwa Sake katika mazishi ya babu yake upande wa baba, amebeba jeneza pamoja na vijana wengine. Mashahidi wawili walikuja kusema hivyo. Hakimu akamwuliza: "Kwa nini hukumwambia OPJ?" Akajibu: "Nilimwambia. Hakuandika."

Aliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Kama mimi ningesoma kurasa zile mbili siku ya Alhamisi, ningeiona Jumamosi ile, maana na mimi nilikuwa Sake.

Tangu siku hiyo jambo moja limebadilika darasani kwangu. Zamani, kalamu ikipotea, nilikuwa nasimamisha watoto mbele na kuwatisha mpaka mmoja akubali. Siku zote alipatikana wa kukubali, na mara nyingi alikuwa yule mwoga kuliko wote. Sasa natafuta kalamu kwanza.

Wamama, tunafundishwa kanisani kwamba kuungama ni vizuri, na ni kweli. Lakini anayeungama kanisani amekwenda kwa miguu yake. Mtoto wako akikamatwa, andika siku na saa. Omba kumwona, na omba kuambiwa sababu. Mwambie asitie sahihi karatasi asiyoielewa: aombe isomwe polepole kwa Kiswahili, na lile ambalo hakulisema aombe lirekebishwe. Akikatazwa, ana haki ya kukataa kutia sahihi. Ukiona jeraha, omba daktari amwone na aandike karatasi siku hiyo hiyo. Akifika parke, aseme wazi kama alipigwa. Na kama hajatimiza miaka 18, sema umri wake mapema na upeleke cheti cha kuzaliwa, maana sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inampeleka kwenye mahakama ya watoto, na aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kuwa na hatia ya jinai.

Wengine wataniambia kwamba hayo yalikuwa mambo ya zamani, kwamba Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya état de siège na kesi za jinai zikapelekwa kwa mahakama za kijeshi. Basi someni kifungu cha 61 cha Katiba: hata wakati kama huo, katazo la mateso na haki ya kujitetea haviwezi kuondolewa.

Katika mkutano wetu ujao nitakuja na nakala ya Katiba. Tutasoma vifungu vya 16 hadi 19 kwa Kifaransa na kuvieleza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Mje na vijana wenu. Mtoto wa dada yangu ameahidi kuja. Siku hizi anaendesha moto, na kila karatasi anayopewa anaisoma yote, hata risiti, na sisi tunamngoja.