Kutoka Jangwani hadi Mabwepande

Jumatatu, 8 Aprili 2024

Basi la mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni. Pale Ubungo ameingia mzee wa kiti cha magurudumu, akijisukuma mwenyewe, kwa sababu sakafu ya kituo na ya basi zimelingana. Kwenye daladala angebebwa kama gunia, au gari lingempita tu. Awamu hii ya kwanza ya mwendokasi, mtandao wa kilomita 21 ulioanza kazi Mei 2016, ndiyo iliyoipa Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata. Ilistahili.

Jumatano, 10 Aprili, Idi

Mabwepande, kwa mama mdogo. Pilau yake haina mshindani.

Alikuwa mkazi wa Jangwani hadi mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40. Waathirika wakaletwa huku, wakapewa viwanja. Maji hayamfikii tena, alhamdulillahi. Lakini wateja wake wako Kariakoo. Zamani alibeba ndoo ya vitumbua kichwani, akafika kwa miguu. Sasa anaamka saa nane usiku: bodaboda hadi barabara ya Bagamoyo, daladala, halafu daladala nyingine. “Faida yote namwachia konda, mwanangu,” ameniambia huku akinipakulia.

Mtu aliyekuwa akienda kazini bila kuchoma hata tone la mafuta, tumemfanya ategemee injini tatu kila alfajiri. Hilo halimo katika hesabu yoyote ya moshi wa jiji hili, na linaniuma.

Jumapili, 14 Aprili

Bado nawaza. Bonde la Msimbazi, ilipo Jangwani, lilionekana hatari kwa watu kulala, kisha karakana ya mwendokasi ikajengwa humo humo. Mafuriko yakaharibu mabasi. Mpaka leo mvua ikizidi, barabara hufungwa pale Jangwani na abiria wa Kimara wanakwama.

Sasa upo mradi wa bonde hilo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022: daraja liinuliwe, karakana ihame, bustani ya jiji ipandwe. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila wapo wanaolipwa fidia wapishe, na fidia hupimwa zaidi kwa ukuta na bati. Kila mmoja wao angeulizwa pia: unafanya kazi wapi, na kutoka huko uendako utafikaje?

Awamu ya nne ya mwendokasi inajengwa kuelekea Tegeta. Mabwepande iko mbele zaidi, Bunju kwanza, kisha ndani. Kesho namwandikia diwani. Mabasi makubwa yakifika Tegeta, yawepo madogo ya kuwaleta watu kutoka Bunju na Mabwepande. Madereva na makonda wa daladala waajiriwe humo kwa mikataba, maana njia hizi wanazijua wao. Yaanze saa tisa usiku. Na ndoo za akina mama ziruhusiwe.